Basi la Kampala: kikundi cha mashabiki kilicholipia nusu fainali kabla ya robo fainali

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kikundi cha mashabiki wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, katika mji mmoja wa mkoa wa Kagera, wakati wa mashindano ya CHAN 2024 yaliyosogezwa mbele kutoka Februari na hatimaye kuchezwa Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda. Majina na mji vimefichwa, kazi za baadhi ya wahusika zimebadilishwa, na fedha zimezungushwa ili hesabu isomeke bila kumtambulisha mtu. Daftari la mweka hazina na ujumbe wa grupu lao la WhatsApp nimevisoma kwa ridhaa ya kamati. Mwenye basi nilizungumza naye pia, kwa sababu mitaani upande wake unasimuliwa vibaya kuliko anavyostahili.

Kisa kinafaa kujadiliwa sasa kwa sababu Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, itachezwa katika nchi hizi hizi tatu, na vikundi vya aina hii vimeshaanza kuchangishana.

Usuli

CHAN ilikuwa mashindano ya timu za taifa za Afrika kwa wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao tu. Ndiyo maana shabiki wa mkoani aliyapokea kwa namna ya pekee. Shomari Kapombe, Clement Mzize na Feisal Salum ni watu anaowaona kila wiki katika jezi za Simba, Yanga na Azam, anaowabishania kijiweni, na ambao pengine aliwahi kuwazomea walipokuja mkoani kucheza ligi. Agosti ile wote wakawa wake kwa mwezi mzima.

Tanzania ilicheza mechi zake za kundi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Kutoka Bukoba hadi Dar kwa barabara ni takriban kilomita 1,400. Kutoka Bukoba hadi Kampala, ukivukia Mutukula na kupitia Masaka, ni kama 300. Mtu wa Kagera anayetaka kuiona timu yake ya taifa ana kwa ana anaifikia haraka zaidi ikiwa ugenini Uganda kuliko ikiwa nyumbani. Hilo ndilo lililozaa kisa kizima.

Ratiba ilikuwa imepangwa hivi: mshindi wa kundi la Tanzania angecheza robo fainali Dar Ijumaa, Agosti 22, na akivuka angekwenda Kampala, uwanja wa Mandela ulioko Namboole, kwa nusu fainali ya Jumanne, Agosti 26. Fainali ilikuwa Nairobi, Agosti 30.

Taifa Stars ilianza kwa kuifunga Burkina Faso 2-0 Agosti 2, kisha Mauritania 1-0 kwa bao la Kapombe la dakika za mwisho, kisha Agosti 9 ikaifunga Madagascar 2-1, mabao yote mawili ya Mzize. Pointi tisa kibindoni, mechi moja mkononi. Kwa mara ya kwanza Tanzania ilikuwa robo fainali ya CHAN, na kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, ambacho kikundi hiki hukutania hakikulala.

Kikundi chenyewe hakikuwa na katiba wala usajili. Kilikuwa na mwenyekiti, mwalimu mwenye sauti na ushawishi. Katibu, kijana wa duka la simu. Na mweka hazina, mama wa makamo anayeuza vitenge sokoni, ambaye amekaa kwenye vikoba miaka mingi na alipewa kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipoteza shilingi ya mtu. Mpira anaupenda. Ila hela anaipenda kwa utaratibu zaidi.

Mambo yalivyokwenda

Usiku wa Agosti 9 mwenyekiti aliandika kwenye grupu kwamba Dar waachiwe watu wa Dar, wao wataisubiri timu Kampala. Kesho yake, Jumapili, watu walikutana na kukubaliana mchango wa shilingi 120,000 kwa kila mtu: 20,000 ada ya kujiandikisha isiyorudishwa, 60,000 ya usafiri, na 40,000 ya tiketi na malazi ya usiku mmoja. Mweka hazina akaomba fedha zisichukuliwe zote kwa mpigo: kabla ya robo fainali mtu atoe ada na nusu ya nauli tu, na salio lilipwe timu ikishavuka. Wakakubali kwa shingo upande. Mwenyekiti, hata hivyo, aliendelea kuhimiza kwenye grupu kwamba "mwenye nayo alipe yote kabisa, tusisumbuane".

Wiki ile ile zikaja habari kutoka Nairobi. Baada ya mechi ya Kenya na Morocco Agosti 10, ambapo watu walivunja utaratibu na kuingia uwanja wa Kasarani kwa nguvu, shirikisho la soka Afrika, CAF, lilipunguza watazamaji wa mechi iliyofuata ya Kenya, Harambee Stars, hadi 27,000 na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Mweka hazina aliisambaza habari hiyo kwenye grupu akiuliza: sisi tiketi tutazipataje, na nani atakwenda bila tiketi? Swali hilo halikujibiwa, ila lilisaidia jambo moja. Mwenyekiti alikuwa na mpango wa kumtumia mtu fulani wa Kampala hela ili aanze kusaka tiketi mapema kwa njia anazozijua mwenyewe. Mpango huo ukafa kimyakimya.

Agosti 16 Stars ilitoka suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kesho yake ikajulikana mpinzani wa robo fainali ni Morocco, mabingwa wa CHAN wa 2018 na 2020, waliomaliza wa pili nyuma ya Kenya. Grupuni hofu haikuonekana, kwa hoja mbili. Ya kwanza: Kenya imewafunga 1-0 ikiwa pungufu uwanjani kipindi kizima cha pili, sisi tutashindwaje? Ya pili ilikuwa ya utani. Kocha wetu wakati ule, Hemed Suleiman, mwenyewe anaitwa "Morocco", kwa hiyo Morocco tunayo tayari. Ndipo mweka hazina alipoandika: "Na wakitutoa, hela ya basi inakuwaje?" Alijibiwa asilete uchuro. Mmoja akapendekeza, kwa mzaha, aondolewe kwenye grupu hadi Ijumaa ipite.

Jumatatu, Agosti 18, Uganda ilirudisha mabao na kutoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini, ikaongoza kundi lake. Sasa picha ikawa tamu mno: Tanzania ikimtoa Morocco na Uganda ikishinda robo fainali yake, nusu fainali ni Tanzania na Uganda, Namboole, saa chache kutoka mlangoni kwetu. Waliojiandikisha wakafika 44. Mwenyekiti akaona mabasi yatagombaniwa. Jumanne asubuhi alikwenda kwa mwenye basi, wakakubaliana bei ya 2,600,000 kwenda na kurudi, akamtumia nusu, 1,300,000, kwa simu. Hawakuandikiana chochote. Ushahidi pekee ni ujumbe wa muamala na maneno manne ambayo mwenyekiti alimwandikia: "Advansi basi Kampala, shukrani."

Wiki hiyo hiyo bango likachapishwa, bendera zikanunuliwa. 400,000 zikatoka kwenye ada.

Ijumaa, saa 11 jioni, Kenya ilianza kucheza na Madagascar na ikatolewa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, baada ya sare ya 1-1. Saa 2 usiku ikawa zamu yetu. Kipindi cha pili Oussama Lamlioui akafunga, na Stars haikurudisha. Jumamosi usiku Uganda ikafungwa 1-0 na Senegal. Ndani ya saa thelathini hivi wenyeji wote watatu walikuwa nje, na nusu fainali ya Kampala ikawa Morocco na Senegal.

Grupu baada ya kipenga

Ujumbe wa usiku ule wa Ijumaa ni mchache kuliko mtu angetarajia. Watu hawakutukanana. Walinyamaza. Wa kwanza kuuliza hela aliuliza Jumamosi saa 1 asubuhi, na alianza na "poleni wanandugu". Kufikia saa 4 kulikuwa na kambi tatu: wanaotaka kurudishiwa kila kitu, ada ikiwemo; wanaosema safari iendelee kwa sababu Uganda ni ndugu na inacheza usiku; na mwenyekiti peke yake, aliyesema mwenye basi ni mtu wetu, atarudisha.

Mwenye basi hakurudisha. Hoja yake, alivyonieleza, ni nyepesi. Kwaya moja ilitaka basi kwa siku hizo hizo, akaikatalia Jumanne baada ya kupokea advansi. Kwake advansi ni bei ya tarehe, na tarehe alishaiuza. Kwa mwenyekiti advansi ilikuwa sehemu ya nauli ya safari, na safari isipokuwepo nauli inarudi. Kila mmoja alikuwa na maana yake kichwani, na hakuna aliyeitoa nje siku ya kupeana hela. Mimi ningekuwa mwamuzi ningempa mwenye basi.

Jumapili, Agosti 24, mweka hazina alifika kikaoni na daftari na kulisoma kwa sauti. Ada za watu 44: 880,000. Waliolipa kila kitu walikuwa 19, kwa hiyo 1,900,000 juu ya ada. Waliolipa nusu ya nauli tu walikuwa 19 wengine: 570,000. Sita walitoa ada peke yake. Jumla 3,350,000. Zimetoka 1,300,000 za basi na 400,000 za bango na bendera. Zimebaki 1,650,000. Zinazotakiwa kurudi kwa watu, ukiacha ada, ni 2,470,000. Pengo ni 820,000, hata ukiitumia ada yote iliyobaki kuliziba.

Watu wanasema kikao kilitulia aliposoma namba hizo. Hela iliyotumika vibaya husababisha ugomvi, ila hela isiyojulikana iko wapi husababisha ugomvi mkubwa zaidi, na hapa kila senti ilikuwa na mahali pake.

Maamuzi ya kikao na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutomburuza mwenye basi. Katibu alitaka apelekwe kwa mtendaji wa kata. Mweka hazina akasema kesi itachukua miezi na hawana karatasi. Badala yake watu watatu, pamoja na mzee mmoja anayeheshimika na pande zote, walikwenda nyumbani kwake jioni ile na pendekezo: hatudai hela, tunadai safari. Tupe gari dogo, Kosta, kwenda na kurudi Kampala kwa hiyo hiyo 1,300,000 uliyonayo. Akakubali papo hapo. Basi kubwa angelipeleka kwingine, Kosta angeikodi kwa mwenzake mwenye leseni na bima ya kuvukia mpaka, na bado angebaki na chochote.

Uamuzi wa pili ndio wenye akili kuliko yote katika kisa hiki. Mweka hazina aligeuza advansi iliyopotea kuwa viti. Kila anayekwenda alipe 60,000 ya usafiri, na hela hiyo ndiyo irudishwe kwa wasiokwenda. Hesabu yake: wakipatikana 14, pengo linazibwa kwa kuila ada iliyobaki yote, wakipatikana 21, pengo linakwisha na ada inabaki karibu nzima. Mashabiki waliokuwa tayari kwenda kuangalia Morocco na Senegal walikuwa 12. Hawatoshi.

Hapo akafanya jambo ambalo wanaume wa kamati wasingelifikiria. Akawapigia simu wafanyabiashara wenzake wa sokoni wanaokwenda Kampala kuchukua mzigo katika soko la Kikuubo. Kwenda na kurudi kwa 60,000, gari linaondoka Jumatatu usiku, mnafika asubuhi, linalala, linarudi Jumatano. Tisa wakachukua nafasi siku hiyo hiyo. Jumla 21.

Uamuzi wa tatu: wasiokwenda warudishiwe kwa awamu, waliolipa kamili wakitangulia, na watumiwe pamoja na "ya kutolea", makato yalipwe na ada. Wapo waliobisha kwamba makato ni madogo, kila mtu abebe yake. Nadhani mweka hazina alikuwa sahihi. Mtu aliyetoa 100,000 akipokea pungufu, hata kwa elfu mbili, atasimulia hiyo elfu mbili mwaka mzima.

Uamuzi ambao haukufanywa, na ulipaswa kufanywa, ulikuwa wa kukagua hati za kusafiria kabla ya gari kuondoka.

Safari na matokeo

Mutukula ni kituo cha pamoja cha mpakani. Unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja, na kazi huenda haraka mkiwa mmejipanga. Kijana mmoja kati ya wale 12 alifika na kitambulisho cha NIDA peke yake. Alikuwa amesikia kwamba Afrika Mashariki siku hizi watu wanavuka kwa kitambulisho. Alichosikia ni cha kweli kwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, ambao serikali zao zilikubaliana hivyo tangu 2014. Tanzania haimo katika makubaliano hayo, na Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Ofisi iliyo karibu naye ingeweza kumshughulikia wiki nzima iliyotangulia. Usiku wa manane, mpakani, haikuwezekana. Alirudi nyumbani kwa pikipiki. Baadaye kamati ilimrudishia 40,000 ya tiketi na malazi. Ya usafiri hakurudishiwa, na bado ana kinyongo.

Kampala ilikwenda vizuri. Mashabiki walikata tiketi zao wenyewe, kila mtu kwa simu yake. Waliingia Namboole na jezi za Stars na kukuta Waganda wengi waliovaa jezi za timu yao, Cranes, nao wamekuja kuangalia mechi ya wengine. Mwanzoni walikubaliana kuishangilia Senegal kwa sababu Morocco imewatoa. Waganda waliokaa jirani walikuwa wanaishangilia Morocco kwa sababu Senegal imewatoa. Mabishano hayo, kwa maelezo ya wote niliozungumza nao, ndiyo yaliyokuwa raha kubwa ya safari. Mechi iliisha 1-1, Morocco ikapita kwa matuta, 5-3, kisha ikaenda Nairobi na kuchukua kombe kwa kuifunga Madagascar 3-2.

Kurudi ndiko kulikochosha. Wafanyabiashara tisa walikuwa na mizigo ya Kikuubo. Mizigo midogo ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha, lakini mzigo mwingi wa Kikuubo hutoka mbali zaidi ya hapo, na ushuru wake hukadiriwa kifurushi kwa kifurushi. Kosta ilikaa mpakani saa nyingi. Mashabiki waliokuwa wameomba ruhusa ya siku mbili kazini walifika usiku, mmoja akapewa onyo la maandishi. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba wanasafiri na mizigo. Na wafanyabiashara nao hawakuambiwa kwamba nusu ya gari ni watu watakaoimba mpaka saa 9 usiku.

Kifedha, mambo yalifungwa hivi. Viti 21 vilileta 1,260,000 dhidi ya 1,300,000 ya advansi, tofauti ya 40,000 ikalipwa na ada. Wote wasiokwenda walirudishiwa fedha zao, ukiacha ada, kabla ya katikati ya Septemba. Baada ya makato ya simu, mfuko ulibaki na laki nne na kidogo. Watu wanane walijitoa kwenye grupu. Mwenyekiti hakujiuzulu wala hakuombwa, ila simu ya hela sasa iko kwa mtu mwingine.

Uchambuzi: kilichofaa

Kulipa kwa awamu ndiko kulikookoa kikundi. Kama wote 44 wangetii wito wa "lipeni yote kabisa", mfukoni kungekuwa na zaidi ya milioni tano wiki ile ya Uganda na Afrika Kusini, na kwa hamasa iliyokuwepo sioni jinsi basi lisingelipwa lote, tiketi zikafuata kwa mtu wa Kampala. Watu huiona awamu kama usumbufu wa kukusanya mara mbili. Kwa safari inayotegemea matokeo ya mechi, faida yake ni kwamba hela ambayo haijakusanywa haiwezi kutumiwa.

Daftari lililosomwa hadharani lilifanya kazi ambayo msamaha usingeifanya. Na wazo la kudai huduma badala ya fedha linafaa karibu kila mahali: mwenye chombo, mwenye nyumba ya wageni na mpishi huwa wagumu kurudisha noti walizokwisha kuzitumia, ila wana wepesi wa kutoa kile wanachokiuza.

Uchambuzi: kilichokwama

Watu wengi wa mji ule wakisimulia kisa hiki husema "tatizo ni kwamba timu ilifungwa". Si kweli. Timu hufungwa, na kufungwa 1-0 na bingwa mtarajiwa si jambo la ajabu. Januari 2026, katika hatua ya 16 bora ya AFCON, Morocco iliitoa tena Stars kwa matokeo hayo hayo. Tatizo ni kwamba, ukiacha malipo ya awamu, kila makubaliano yaliyofanyika kati ya Agosti 10 na 22 yalifanywa kwa ajili ya ushindi tu. Ratiba, bei, bango, hata jina la grupu lililobadilishwa kuwa "Kampala Tunakuja".

Kwa nini? Katika kundi la mashabiki, anayetaja kufungwa huonekana hayuko nasi. Swali la mweka hazina la Agosti 17 lilikuwa swali la kihasibu, likajibiwa kana kwamba ni dua mbaya. Sidhani dawa ni kuwafanya mashabiki wasiwe mashabiki, mtu anayepima uwezekano kwa utulivu hapandi Kosta usiku. Dawa ni kuliondoa swali hilo grupuni na kulipeleka mahali ambapo haliumizi, yaani kwenye makubaliano na mwenye basi, yakafanywe na watu wawili mchana, siku ambayo hakuna mechi.

Nilimuuliza mwenye basi angefanyaje kama angeombwa ashike tarehe hadi Ijumaa usiku, kwa malipo, bila kulikodisha gari kwa mtu mwingine. Alifikiri kidogo, akasema laki tatu zingetosha, na kwaya angeiambia isubiri hadi Jumamosi asubuhi. Laki tatu zikipotea, pengo la Jumapili lisingekuwepo: ada iliyobaki, 480,000, ingelibeba na bado chenji ingerudi. Kikundi kililipa zaidi ya mara nne ya hapo kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kushika tarehe ni kitu kinachouzwa.

Kosa la bango ni dogo kwa fedha ila linaonyesha tabia ile ile. Liliandikwa jina la mechi na tarehe. Bendera zinatumika hadi leo. Bango halifai kwa lolote, na lingeweza kuchapishwa Jumamosi likawa tayari Jumatatu.

Suala la wafanyabiashara nalipima kwa pande mbili. Bila wao watu wangepoteza fedha, kwa hiyo siungani na wanaosema mweka hazina "aliuza safari". Lakini alipowaweka pamoja watu wenye haja tofauti bila kuwaambia, alilipa deni la fedha kwa kutumia muda wa watu wengine. Sentensi mbili kabla ya safari zingetosha: kuna mizigo, na forodha itachukua muda. Wangepungua wawili watatu, na bado hesabu ingekaa sawa kwa 18.

Kuhusu hati, hakuna cha kuchambua sana. Anayepokea hela ya safari ya nje apokee pamoja na picha ya pasipoti au hati. Asiye nayo anapewa maelekezo ya kwenda uhamiaji, na kiti chake hakihesabiwi mpaka ailete.

Kikundi kilipo sasa

Kamati mpya imeandika ukurasa mmoja wa masharti kwa ajili ya AFCON 2027. Hakuna malipo kamili kabla timu haijavuka hatua husika. Mwenye chombo analipwa ada ya kushika tarehe, kwa maandishi, na kiasi kisichorudishwa kinatajwa. Fedha zinakaa kwenye laini yenye watu wawili wa kuidhinisha. Hati zinaletwa na mchango. Abiria wasio mashabiki wanaruhusiwa, mradi wote wajulishwe.

Kipengele kimoja hakijapita. Zile laki nne na kidogo zilizobaki, waliokwenda Kampala wanasema ni msingi wa mfuko wa 2027. Waliobaki nyumbani wanasema ada ilikuwa ya safari ambayo haikufanyika, kwa hiyo igawanywe kwa wote 44. Wale wanane waliojitoa grupuni wamemtuma mtu kuuliza kama nao wamo katika mgawo. Mweka hazina amekataa kupiga kura. Anasema fedha zipo, zimehesabiwa, na siku watakayokubaliana atazitoa ndani ya saa moja, pamoja na ya kutolea.